Ubongo wa Kijerumani

Hakuna mtu aliyewahi kunyolewa na Taratibu akatoka na mkwaruzo. Hata wasiompenda walikubali hilo, ila waliongeza kwamba unaweza kukaa kwenye kiti chake ukiwa kijana ukainuka na mvi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na mke wake alimwita hivyo pia akikasirika, maana asipokasirika alimwita Baba.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, kiti cha kupandisha kwa pedali, benchi la wanaosubiri na vioo viwili vinavyotazamana, hata mteja akaona kisogo chake mara nyingi kuliko anavyopenda. Mashine ya umeme alikuwa nayo, lakini ndevu alizinyoa kwa wembe. Alipaka povu kwa brashi, akasubiri, akapaka tena, akavuta ngozi kwa kidole, halafu akafikiri. Mteja akinung'unika, Taratibu alimjibu kwamba mwenda pole hajikwai, na hapo mazungumzo yaliishia.

Sasa mtu wa namna hiyo, tuambiane ukweli, anataka nini na gari la mbio? Mimi mwenyewe nimejiuliza nikachoka. Mteja wake mmoja alikuwa anahamia ng'ambo na hakupata mtu wa kumwachia gari, na Taratibu, ambaye huchukua robo saa kuchagua kitana, alilikubali papo hapo. Lilikuwa na milango miwili, liko chini kiasi kwamba kuingia lazima ukae kwanza halafu uvute miguu, na bomba la moshi lilikuwa nene kama birika. Ndani yake mlikuwa na turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili iisukumie injini hewa zaidi na gari lipate nguvu. Nguvu hiyo Taratibu aliipeleka kila siku kutoka nyumbani hadi saluni, barabara yote matuta, gari likikwangua tumbo kwenye kila tuta. Jioni aliliosha kwa brashi ya kupangusia shingo za wateja.

Mke wake alikuwa fundi wa mapazia. Alilivumilia gari mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili, baada ya kusikia habari za turbo asubuhi, mchana na wakati wa kulala, aliweka mkasi mezani akatoa amri.

"Neno gari nisilisikie tena ndani ya nyumba hii. Kuliendesha endesha. Kulitaja, ng'o!"

Taratibu alikuwa mtu wa kushika maneno. Tangu siku ile hakulitaja. Tafadhali msomaji usiisahau amri hiyo, maana ndiyo iliyotuletea balaa lote.

Balaa lilianza kwa trekta. Siku moja Taratibu alikuwa barabara kubwa, kiti kimelazwa kidogo, miwani ya jua usoni, anajiona yeye ndiye yeye, mara trekta lililobeba magunia likamfikia kwa nyuma. Akakanyaga mafuta. Gari likasita. Akakanyaga tena, likawaza, likawazua, na trekta likapita. Dereva wake akampungia mkono kwa upole kabisa, kama anayempungia mgonjwa dirishani, na upole ule ndio uliomuumiza.

Kesho yake akaenda kwa Laptopu. Huyu alikuwa fundi wa magari ya kisasa, na waliomwita hivyo walikuwa na sababu: mikono yake haikuwahi kuonekana na grisi. Alichomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani, akatazama kompyuta yake akitafuna kijiti, halafu akageuka.

"Kaka, injini nzima. Turbo nzima. Shida ni ubongo."

"Ubongo?"

"Ubongo wa gari. Kile kisanduku kinachoiambia injini ichome mafuta kiasi gani na turbo isukume hewa kiasi gani. Walioutengeneza waliujaza tahadhari. Sisi mafundi tunaita woga wa kiwandani. Sio ugonjwa, umezaliwa hivyo."

"Na unatibika?"

"Unawekewa chipu. Woga unakwisha siku hiyohiyo."

Taratibu alirudi nyumbani. Woga wa kiwandani! Maisha yake yote alikuwa akitafuta jina la kitu hicho. Alikuwa nacho akiwa shuleni, anajua jibu na hanyooshi mkono. Alikuwa nacho kila walipogawana kitu na yeye akachukua kilichobaki. Alihisi kwamba akiponywa gari, na yeye atakuwa amepona nusu.

Kuchagua chipu kukamkosesha usingizi. Ilikuwepo ya bei chee, ya kuchomeka tu, ambayo kazi yake, Laptopu alikiri, ni kuwakawaka taa basi. Ilikuwepo ya Kijerumani, inayofuta maagizo yote ya zamani na kuandika mapya, na gari likishaipata haliyumbi wala halisiti, ila halirudi lilivyokuwa. Halafu ilikuwepo ya swichi: ukiibonyeza gari linakuwa kali, ukiibonyeza tena linarudi kwenye ubongo wake wa kale. Laptopu aliwadharau wanunuzi wa hiyo. Alisema ni chipu ya watu wenye mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Basi Jumatatu jioni Taratibu akapiga simu akiwa barazani kwake. Nyuma yake palikuwa na dirisha la chumba cha shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea na sasa akiishi naye. Shangazi alikuwa kitandani akipachika pete za mapazia kumsaidia mke wa mpwa wake. Masikio yake yalikuwa mazima, ulimi ndio haukuwa na breki. Na kwa kuwa neno gari lilikuwa marufuku, haya ndiyo aliyoyasikia:

"Fundi, nimekata shauri. Ubongo tuubadilishe... Ndiyo, huu nilionao una woga mno. Unasita, unasita, mpaka wenzangu wote wananipita... Kwani mtapasua?... Ahaa, mnaingilia lile tundu la chini! Afadhali, maana nilikuwa naogopa kupasuliwa... Na kumbukumbu za zamani, zinafutika zote?... Haya, liwalo na liwe. Mimi nautaka wa Kijerumani... Jumamosi asubuhi, sawa."

Pete za mapazia zikamwagika sakafuni. Mwingine angetoka nje akauliza, lakini Shangazi hakuwa mtu wa kuuliza, kwa sababu kuuliza huharibu habari. Alijitanda kanga, akapitia mlango wa nyuma, na kabla taa za barabarani hazijawaka mtaa ulikuwa umeshajua kwamba Taratibu anatolewa ubongo wake Jumamosi na kutiwa wa Mjerumani, tena kwa njia ya chini.

"Lisemwalo lipo," alisema kila mlango aliofika, "na kama halipo, laja."

Alhamisi ilikuwa siku ya Karani, mzee aliyestaafu mahakamani na ambaye hakuwahi kukosa kunyolewa siku hiyo. Alikuja, ingawa alisimama nje kidogo kabla ya kuingia. Taratibu alimpaka povu, akasubiri, akapaka tena, akanyoa shavu la kulia likawa safi. Alipohamia la kushoto, Karani akamkodolea macho kwenye kioo.

"Mwanangu," akasema bila kusogeza midomo, "leo unanyoa kwa ubongo upi?"

Gari lilikuwa limeegeshwa nje ya mlango wa kioo. Taratibu akajua mzee ameliona, na moyo ukamchangamka.

"Bado wa zamani, mzee wangu. Lakini siku zake zinahesabika. Jana tu umezima ghafla pale njia panda! Nimebaki katikati ya barabara, watu wananipigia honi, sijui nishike nini niache nini."

"Umezima kabisa?"

"Kabisa. Na hautoi dalili, mzee. Unakwenda vizuri hivi hivi, mara kimya!"

Alisema hivyo akichezesha wembe hewani ili kuonyesha jinsi unavyokwenda. Karani alinyoosha mkono polepole, akauondoa mkono wa kinyozi shingoni kwake, akasema amekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Alitoka na taulo la kinyozi begani, shavu moja kipara na jingine jeupe kwa povu, na hakurudi. Hiyo Alhamisi hakuingia mteja mwingine.

Watu walikuja, lakini si kunyolewa. Walikuja kumshika mkono, kumwambia apige moyo konde, na kumwangalia kichwa. Muuza duka alimuuliza, macho chini, siku yenyewe nani atamnyoa yeye nywele. Taratibu hakuelewa nywele zimetoka wapi, akajibu kwamba nywele hazihusiki, wanaingilia chini. Muuza duka akamwombea heri akaondoka upesi. Kumbe watu wa mtaa huu wanapenda magari kiasi hiki, Taratibu aliwaza, na alikuwa akinung'unika bure kwamba hana wa kuzungumza naye.

Nyumbani nako palikuwa na mambo. Mke wake hakumwita Taratibu tena, hata alipomwaga chai kwenye kitambaa cha mteja. Alimtengea maji ya kuoga. Asubuhi alimwinamia kabla hajafumbua macho vizuri.

"Baba, mimi ni nani?"

"Mke wangu. Kwani vipi?"

"Siku ya kwanza uliyokuja kwetu nilikuwa nimevaa nini?"

"Gauni la kijani, limefumuka pindo."

Mke alipumua, akaenda kwenye cherehani. Taratibu akadhani ni mapenzi tu, akatembea siku nzima anatabasamu. Kitu ambacho hakukielewa ni kwamba mwalimu wa lugha wa nyumba ya pili alianza kufika kwenye chumba cha mapazia, na baada yake mke wake alishona akinong'ona maneno yaliyofanana na mtu anayesafisha koo. Alipomuuliza, alijibu kwamba ni mafua.

Ijumaa mchana mke akaja saluni. Hakuwahi kuja saa za kazi. Alitazama benchi tupu, akaketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Umeshachagua?"

Taratibu alikaribia kuruka. Hatimaye! Lakini amri ni amri, na hakutaka kumuudhi kwa kutaja lile neno sasa hivi ambapo ameanza kulainika.

"Ipo namna tatu," alisema, akavuta kigoda. "Wa kwanza ni upuuzi, unawakawaka taa tu."

"Taa?"

"Ee, huo tumeuacha. Ninaoutaka ni wa Kijerumani. Huo unafuta kila kitu cha zamani. Unaanza upya, haumjui yeyote."

Mke alifunga macho. "Hata watoto?"

Taratibu alifikiri. Watoto walikuwa wamezoea kupanda nyuma. "Watoto itabidi wazoee. Mwanzoni watalia kidogo, wakishauzoea watafurahi."

"Na mimi je?"

"Wewe utakaa pembeni yangu, utafunga mkanda, basi."

Hapo machozi yakamtoka mwanamke yule. Yalitoka bila sauti, yakateremka mpaka kidevuni, na kinyozi, aliyezoea kufuta nyuso za watu, akashika taulo asijue alipeleke wapi.

"Na hiyo namna ya tatu?" aliuliza mke.

"Ya tatu ina swichi. Ukibonyeza unakuwa mkali, ukibonyeza tena wa zamani unarudi. Fundi anasema ni ya waoga."

"Chukua hiyo."

"Mama, lakini..."

"Chukua hiyo, nakuomba! Nipe mimi swichi niishike. Nikikukosa, nikurudishe."

Taratibu alibaki na taulo mkononi. Wiki nzima kila mtu alikuwa akimuuliza unazima, unasita, unabadilishwa, maneno yanayomfaa mtu na yanayoufaa ubongo wa gari vilevile, na yote yaliingia sikioni bila kugonga mahali. Lakini hii ilikuwa nikurudishe. Sio niurudishe. Mke wake hakuwa na mafua yoyote ya kumfanya aseme ku badala ya u.

"Unirudishe mimi?"

"Wewe! Kwani ubongo wa nani unatolewa kesho?"

Katika vioo vile viwili kinyozi aliona kisogo chake mara nyingi, kila mara kikionekana cha mjinga zaidi. Akamkumbuka Karani na povu lake. Akamkumbuka muuza duka, na akasikia tena kwa sauti yake mwenyewe, wanaingilia chini.

"Wa gari," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo mbele yake tangu amri ile. "Ni ubongo wa gari, mama. Gari lina ubongo. Uliniambia nisilitaje."

Mke alimnyang'anya taulo akamchapa nalo, la kwanza begani, la pili mgongoni, la tatu alikosa likaangusha chupa ya spiriti. Alikuwa anacheka na kulia na kumtukana, yote kwa pumzi moja, na Shangazi naye alitajwa humo. Alipochoka alikaa tena kitini.

"Shangazi yako alisema umemwambia daktari una woga, unataka ung'olewe."

"Nilikuwa nasema gari." Taratibu aliokota chupa. "Lakini na mimi ninao. Trekta lilinipita, mama. Trekta!"

"Unajua walikuja wangapi kwetu kabla yako?" alisema mke. "Wote wana maneno. Wewe ulifika getini, ukarudi. Ukafika tena, ukarudi, jasho linakutoka, mama yangu akadhani ni mwizi. Mimi nilikuwa dirishani nakuangalia. Nikasema, mtu anayeogopa kunikosa namna hii hatanipoteza ovyo. Niliolewa kwa ajili ya huo woga, mwanaume we! Leo eti uukate!"

Taratibu alitaka kumwambia kwamba getini pale alikuwa akirudi kila mara kuangalia kama viatu vyake vina vumbi, lakini aliona si wakati wake.

Jumamosi asubuhi walikuta watu wamejaa nje ya nyumba, wamekuja kumsindikiza hospitali. Karani alikuwepo, nusu ya uso ndevu za siku tisa, taulo la kinyozi bado begani, na Shangazi alikuwa mbele ya wote akipokea pole. Taratibu aliwaeleza. Aliwaeleza mara mbili, kwa sababu ya kwanza hakuna aliyeamini. Walioamini waliudhika kidogo, maana walikuwa wamejiandaa kwa msiba na sasa hawakujua waupeleke wapi. Shangazi alikunja kanga yake vizuri.

"Mimi nilisema nilichosikia," alisema. "Mwenye kusema ndiye aseme vizuri."

Kwa Laptopu waliomba ya swichi. Fundi alimtazama kinyozi kwa huruma, akachomeka waya wake, akaifunga swichi upande wa abiria kama alivyoagizwa na mke, na kazi ikaisha kabla chai aliyowapa haijapoa. Wakatoka hadi barabara kubwa. Taratibu aliendesha alivyoendesha siku zote, mikono miwili usukanini, mke pembeni amefunga mkanda.

"Hii ndiyo yenyewe?" aliuliza mke, na bila kungoja akaibonyeza.

Gari halikusita. Lilinguruma, likawabandika migongo yao vitini, miti ya kando ikawa ukuta mmoja. Mbele yao palikuwa na trekta lililobeba magunia, na palepale likawa nyuma yao. Kinyozi alikuwa anapiga kelele. Alijua ni yeye kwa sababu mke wake, pale pembeni, alikuwa anacheka mpaka kanga imemvuka kichwani.

"Ongeza!" mke alisema. "Ongeza, Baba!"

"Rudisha wa zamani! Mama, nakufa! Nirudishe!"

Akabonyeza. Gari likatulia, likaanza kuwaza kama kawaida yake. Baada ya muda trekta likawafikia, likawapita, na dereva akapunga mkono. Taratibu, jasho linamtiririka, alimpungia naye kwa moyo wake wote.

Walirudi wakihesabiwa matuta na tumbo la gari. Alipozima injini mbele ya nyumba hakuna aliyeshuka. Mke alikuwa ameshikilia swichi kwa vidole viwili, bila kuibonyeza.

"Hasdu gegesen?" akasema.

"Nini?"

"Hasdu gegesen. Nimetamka vizuri? Mwalimu alisema ninakwaruza mno."

"Hayo ndiyo mafua yako?"

"Ni Kijerumani. Maana yake, umekula?" Alikuwa akiangalia mbele, kwenye mlango wa nyumba. "Nilijua utarudi hunijui, na lugha yangu huijui. Nikasema angalau niwe na kitu kimoja cha kukuuliza."

Taratibu aliinamisha kichwa kwenye usukani, kichwa chenye ubongo wake uleule, akalia, na hakuharakisha. Mke alimsubiri.

"Bado," akasema mwishowe. "Sijala."

"Basi vuta miguu yako utoke, twende ndani."